Ngamia wa Aristides na Mrija wa Mwisho

Saa tisa na dakika ishirini alasiri, Jumapili. Aristides Tesha amesimama katikati ya zizi la ng'ombe huko Kahe. Mkono wa kushoto bado umevaa glavu ndefu ya plastiki inayofika begani, mkono wa kulia umeshika simu. Jua la tambarare linachoma kisogo. Anasikiliza tu.

"Ulimwona lini, mama?" anauliza hatimaye.

Sauti ya upande wa pili inasikika hata kwa mtu aliyesimama hatua tatu. Ni ya mwanamke mtu mzima, anahema kama aliyetoka kukimbia.

"Jana jioni, baba. Nikikamua."

"Saa ngapi?"

"Saa kumi na moja hivi. Jua lilikuwa bado."

Aristides anafumba macho. Vidole vya mkono wenye glavu vinajikunja kimoja kimoja, anahesabu.

"Mama, kwa nini unanipigia sasa?"

"Leo si Jumapili? Nilikuwa kanisani."

Anakata simu bila kuaga, jambo ambalo kwa malezi ya Kirua Vunjo ni utovu wa adabu, na analijua. Anavua glavu, anaitupa kwenye mfuko wa taka, anakwenda kwenye pikipiki yake. Pembeni ya pikipiki hiyo, ndani ya fremu ya chuma aliyochomelea mwenyewe, kuna mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, baridi kali inayotunza mbegu za madume. Anafungua kifuniko. Moshi mweupe unamwagika kingoni. Anatumbukiza rula nyeusi, anaitoa, anaipunga hewani mpaka barafu inajichora pale naitrojeni ilipofikia.

"Sentimita nane," anasema. "Ikishuka chini ya tano sipandishi ng'ombe wa mtu. Nitakuwa namdanganya."

Aristides, mwenye umri wa miaka arobaini na tatu, ni mhimilishaji. Kazi yake ni kupandikiza mbegu za madume bora kwa ng'ombe wa maziwa wa wakulima wadogo, kuanzia mashamba ya umwagiliaji ya Kahe hadi vihamba, yaani mashamba ya migomba ya ukoo, vya juu kabisa vya Kirua Vunjo, mahali ambapo migomba inakaribia kukutana na msitu wa mlima. Watoto wa huko hawajui neno mhimilishaji. Wao humwita Dume la Pikipiki, na hukimbia kabla hajageuka.

Ndani ya mtungi umebaki mrija mmoja tu wa mbegu jike, zile zilizochujwa ili ndama awe mtamba. Mzigo mwingine kutoka Arusha unategemewa mwisho wa mwezi. Gari la kujaza naitrojeni lilitakiwa kufika Ijumaa. Halikufika.

Na ng'ombe wa Eunike Mlay, yule mama wa kwenye simu, hawezi kusubiri mwisho wa mwezi.

*

Ng'ombe huyo anaitwa Shangazi. Eunike, mjane wa miaka sitini na sita, alimpata kupitia kikundi cha akina mama kinachofuata utaratibu wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe. Unapewa mtamba, unamtunza, maziwa na mbolea ni vyako. Ndama jike wa kwanza si wako. Anakwenda kwa mwanamke anayefuata kwenye orodha.

Anayefuata ni Zita Kessy, jirani, kihamba cha tatu kutoka kwa Eunike. Amesubiri miaka minne.

Shangazi amezaa mara mbili. Madume yote mawili. Baada ya hapo amepandishwa mara mbili kwa mbegu za kawaida na akarudia, yaani hakushika. Mwezi uliopita kikundi kilikaa, kikaamua: apandishwe mara moja zaidi, kwa mbegu jike. Akirudia, atauzwa kwa wenye bucha, na orodha itaanza upya kwa ng'ombe mwingine, ambaye hakuna ajuaye atapatikana lini.

Kwa hiyo mrija ule mmoja unabeba ng'ombe wa wanawake wawili.

"Mbegu jike hazidumu," anaeleza Aristides huku akifunga kofia ngumu kidevuni. "Zinataka uchelewe kidogo kuliko zile nyingine. Lakini si kuchelewa hivi. Mpaka saa kumi na moja jioni zitakuwa zimetimia saa ishirini na nne tangu alipopata joto la kutaka dume. Baada ya hapo ni bahati nasibu, na mimi sichezi."

Imebaki saa moja na dakika arobaini. Kutoka pale alipo hadi bandani kwa Eunike ni karibu kilomita arobaini, nusu yake ni vumbi na nusu ni kupanda. Juu mlimani, wingu la mvua za vuli limeshakaa.

Mwandishi wetu anamuuliza kama ameridhika na pikipiki hiyo anayotaka kuitegemea.

"Niulize tukifika," anajibu. "Panda."

*

Pikipiki yenyewe si ya kawaida kwa mtu wa kipato chake. Ni pikipiki kubwa ya safari, injini ya cc 650, ya aina ile wanayopanda wazungu kuvuka mabara. Ina kilo karibu mia mbili kabla hujapakia chochote. Gurudumu la mbele ni refu, kiti kiko juu kiasi kwamba Aristides, ambaye si mfupi, akisimama hugusa chini kwa vidole tu. Pembeni ina vyuma vya kukinga injini na upande wa kulia sanduku la bati zito. Vijana wa bodaboda wameipa jina: Ngamia.

Alinunua miaka mitatu iliyopita kutoka kwa msafiri mmoja wa Ujerumani aliyekuwa ameikokota kutoka kaskazini mwa Afrika akiwa na nia ya kufika kusini kabisa. Mgongo wa msafiri huyo uligoma Moshi. Aristides aliuza bodaboda yake, akauza ndama wawili, akachukua mkopo wa saccos, akalipa shilingi milioni tisa.

Mkewe, Doris, hakuzungumza naye siku mbili. Siku ya tatu alizungumza.

"Nilimwambia, umenunua gari lisilo na mlango," anasema Doris, ambaye ana duka dogo la vyakula vya mifugo katika kata ya Njoro mjini Moshi. "Nikamwambia, tairi lake moja la nyuma ni ada ya mtoto. Na sikukosea. Juzi kanunua moja, laki mbili na themanini."

Lakini Doris mwenyewe ndiye anayeeleza kwa nini mumewe alifika huko. Kabla ya Ngamia, Aristides alifanya kazi kwa bodaboda ya kawaida, mtungi ukiwa umefungwa nyuma kwa mipira. Siku moja ya masika, kwenye kona za Kirua, mpira ulikatika. Mtungi ulibingirika korongoni. Mirija themanini na mbili ilikufa kwa dakika chache. Mbegu za mwaka mzima, za vijiji vitano.

"Alirudi nyumbani kwa miguu akiwa ameukumbatia mtungi mtupu kama maiti," anasema Doris. "Sikumcheka tena baada ya siku ile. Kumsema nilimsema. Kumcheka, hapana."

*

Vumbi la Kahe ni laini kama unga wa sembe. Bodaboda huogelea humo. Ngamia anapita amesimama wima, na Aristides amesimama naye kwenye vikanyagio, magoti yamebana tangi, mwili umetulia huku pikipiki ikicheza chini yake. Mtungi hautikisiki. Springi ndefu zinameza mashimo.

Kwenye lami ya barabara kuu ya Himo anafungua mafuta. Dakika tisa. Anakata kushoto, anaanza kupanda.

Lami ya kupanda inaishia ghafla, mahali ambapo gari la kiongozi fulani liligeuzia mwaka wa kampeni. Wananchi wa juu ya hapo hulipa kodi ileile, hukamua maziwa yaleyale yanayonywewa mjini, lakini barabara yao imeachiwa mvua iichonge inavyotaka. Hapo pana kijiwe cha bodaboda. Vijana wamejikinga chini ya bati. Mvua imeanza.

"Dume limefika! Fungeni ng'ombe!" anapiga kelele mmoja.

"Ngamia, leo utalala matopeni!"

"Mkinikuta huko mnisukume," anajibu Aristides bila kupunguza mwendo, "msipige picha!"

Wanacheka, lakini hakuna hata mmoja anayewasha chombo chake. Utelezi wa udongo ule mwekundu wanaujua. Mvua ikinyesha, juu ya kijiwe hicho bodaboda hazipandi mpaka jua litoke. Mhimilishaji mwingine wa karibu, ambaye hana mbegu jike hata hivyo, naye hupanda bodaboda.

Saa kumi na dakika kumi. Tope limekuwa zito la utelezi. Gurudumu la nyuma linatafuta, linapata, linateleza, linapata tena. Joto la injini linachoma mapaja hata ndani ya mvua. Aristides anaimba kitu kwa Kichagga, chinichini, mstari mmoja anaourudia. Baadaye atasema hakujua kama alikuwa anaimba.

Kisha kona, na mwisho wa barabara.

Fuso lililojaa mikungu ya ndizi limeteleza likakaa upande, pua kwenye ukingo huu, mkia kwenye ukingo ule. Utingo amekaa juu ya mzigo akila ndizi mbivu.

"Mkubwa, hapa hata paka hapiti," anasema.

Aristides anatazama saa. Anatazama Fuso. Anatazama kulia, ambako njia nyembamba inaingia katikati ya migomba ya kihamba cha mtu na kufuata mfongo, ule mfereji wa maji ambao wazee wa wazee wao waliuchimba. Ukingo wa mfongo haukanyagwi ovyo. Anayeubomoa huitwa na kamati ya mfongo, na faini yake ni pombe ya mbege ya kutosha wachimbaji wote, pamoja na aibu ya kutosha ukoo wote.

"Shuka," anamwambia mwandishi wetu. "Una kilo sabini, zitaniangusha."

Anabisha hodi kwa sauti. Mzee mwenye kihamba anatokeza mlangoni na bakuli la mtori mkononi.

"Shikamoo baba! Naomba njia. Nina mbegu ya ng'ombe inakufa!"

"Marahaba. Pita. Ukibomoa mfongo, wewe ndiwe utakayekufa."

Anapita. Taratibu, taa imewashwa, migomba inampiga mabegani, nusu kilachi, mguu mmoja ukining'inia tayari. Kuna daraja la mbao mbili juu ya mfongo. Anasimama mbele yake kama pumzi tatu, kisha anaupanda ubao mmoja, ule wa kushoto, anatazama mbele tu. Gurudumu la mbele linavuka. La nyuma linavuka. Ukingo uko salama.

Hatua nne baada ya daraja, juu ya magome ya migomba yaliyolowa, Ngamia anaanguka.

*

Inaanguka polepole, kama ng'ombe anayelala. Inaangukia upande wa kulia, upande wa sanduku. Mtungi uko kushoto, sasa uko juu, umelala. Kifuniko kinacheza. Moshi mweupe unatoka na kutambaa juu ya tope.

Wanawake watatu wanaoshuka kutoka kanisani, wamevaa sare za kitenge, mmoja amebeba malenge kichwani, wanauona moshi.

"Yesu mae! Linawaka!"

Wawili wanakimbilia migombani. Wa malenge anabaki palepale, shingo imenyooka.

"Haliwaki, mama! Ni baridi!" Aristides anapiga kelele. "Njooni mniinulie! Ni ng'ombe wa Bibi Eunike!"

Jina hilo linafanya kazi ambayo sala haikufanya. Wanarudi. Malenge linawekwa chini kwa heshima.

Aristides anageuza mgongo, anakaa kwenye ubavu wa kiti cha pikipiki iliyolala, anashika usukani kwa mkono mmoja na chuma cha nyuma kwa mwingine, ili ainue kwa miguu na si kwa kiuno. Miguu inateleza. Anajaribu tena. Inateleza. Yule wa malenge anavua viatu vya kanisani, anavipanga kando, anaingia matopeni pekupeku na kuweka bega.

"Moja. Mbili. Tatu, kwa jina la Yesu!"

Inasimama.

Anafungua mtungi. Anatumbukiza rula. Rula inagonga shingo ya mtungi kama kengele ndogo. Anaipunga. Barafu inajichora. Anaisogeza machoni, anaifuta maji ya mvua, anatazama tena.

"Tano na nusu."

Hakuna anayeelewa isipokuwa yeye. Sanduku la bati limebonyea kama kopo, lakini limezuia pikipiki isilale kabisa. Fremu ya mtungi haijapinda hata kidogo. Kwa bodaboda, pale pale, hadithi ingekuwa imeisha.

Saa kumi na dakika thelathini na nane.

*

Saa kumi na dakika hamsini na mbili anazima injini mbele ya banda la Eunike. Mwandishi wetu, aliyepanda mbio kwa njia ya mkato ya waenda kwa miguu, anafika akiwa wa mwisho, na tope mpaka kifuani.

Eunike bado yuko ndani ya nguo za kanisani, amevaa mabuti ya mpira chini ya gauni la maua. Zita Kessy, miaka thelathini na minane, amemshika Shangazi mkia na kuuvuta pembeni, kama vile akiuachia ng'ombe ataruka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Umechelewa."

Aristides anamtazama. Kwa sekunde mbili hivi inaonekana kama atasema jambo litakalodumu miaka. Anavua kofia ngumu.

"Maji ya moto, mama."

Chupa ya chai iko tayari. Anachanganya na ya baridi, anapima kwa kipimajoto. Anavaa glavu. Kabla ya yote anachunguza ute unaoning'inia nyuma ya ng'ombe, anauvuta kati ya vidole viwili, anaunyanyua kwenye mwanga. Ukiwa na damu, wakati umepita.

Mvua peke yake inazungumza na bati.

"Mweupe," anasema. "Bado."

Zita anaachia pumzi kwa sauti. Ndipo ulimi wake nao unaachiwa.

"Bibi, sisi Wakatoliki misa inaisha saa tatu asubuhi. Ningekuwa mimi, ng'ombe angeshapandishwa, ameshakunywa maji, na mimi nimeshalala."

"Nyinyi mna haraka hata na Mungu," anajibu Eunike. "Leo ilikuwa mavuno. Mkungu wangu wa ndizi umenadiwa mara nne! Kila anayenunua anaurudisha madhabahuni unadiwe tena. Ningeondokaje? Mkungu wangu uko mbele pale, watu wanaushangilia, mimi nitoke nikapige simu ya ng'ombe anayetaka dume?"

"Ungetoka na simu nje, bibi."

"Simu haiingii kanisani. Simu ililala kabatini. Na jana usiku nilisema, asubuhi nitampigia. Asubuhi nikasema, Bwana kwanza."

"Mama," anasema Aristides, macho yakiwa kwenye saa, mrija ukiwa ndani ya maji ya vuguvugu, "huyo Bwana ndiye aliyempa Shangazi joto Jumamosi jioni. Alikuwa anakutumia ujumbe."

Eunike anapangusa mikono kwenye gauni. Zita anageuza uso ukutani, mabega yanatikisika kwa kicheko.

Sekunde arobaini. Mrija unatoka majini, unafutwa, unakatwa ncha, unaingia kwenye bomba la chuma. Mkono wa kushoto unazama ndani ya ng'ombe mpaka kwenye kiwiko. Aristides anafumba macho. Ni kazi isiyofanywa kwa macho. Anatafuta njia nyembamba kuliko kalamu, kwa vidole, kupitia ukuta wa nyama, huku mnyama wa kilo mia nne akihamisha uzito wake kutoka mguu huu kwenda ule.

Zita anafanya ishara ya msalaba kwa mkono ulioshika mkia. Eunike ameinamisha kichwa, midomo inakwenda.

Saa kumi na dakika hamsini na nane, Aristides anasukuma kidole gumba, taratibu, akihesabu mpaka tano.

"Tayari."

Anavua glavu. Anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Eunike anamletea kikombe cha maziwa ya moto, na safari hii anamshukuru kwa lugha yao.

"Aika, baba."

Mwandishi wetu anamkumbusha swali lake. Wamefika. Ameridhika?

"Hapa sijafika," anasema. "Hapa nimeegesha tu. Niulize baada ya siku ishirini na moja."

*

Ng'ombe asiposhika mimba, joto hurudi baada ya siku ishirini na moja hivi. Ndiyo maana Aristides hupima furaha yake kwa namna ya ajabu: kwa simu isiyolia. Kwa mwezi hupandisha ng'ombe kati ya arobaini na hamsini. Kwa huduma ya kawaida hutoza shilingi elfu thelathini na tano. Mafuta na matengenezo ya Ngamia vinakula zaidi ya robo ya mapato. Kabla ya Ngamia, ng'ombe sita katika kila kumi aliowapandisha upande wa juu walirudia, kwa kuwa alifika amechelewa, au alifika na mbegu zilizotikiswa mpaka zikachoka. Siku hizi hurudia watatu.

Fundi wake, Eliudi Swai, ana gereji ndogo Njoro inayohudumia pikipiki kubwa za safari zipatazo nane za mjini Moshi na vitongoji vyake. Ukutani ametundika ubao mweusi. Kabla hajagusa chombo cha mtu, mwenyewe hutaja kinachomkera, kikaandikwa kwa chaki.

"Mwenye pikipiki ya aina hii akikuambia ameridhika kwa asilimia mia, jua anatafuta wa kumuuzia," anasema Eliudi. "Wote wanalalamika. Kiti kirefu. Inachoma mapaja. Spea mpaka Nairobi. Ikianguka peke yako porini, utajua idadi ya marafiki zako. Wengi wao ni watu wa watalii, au watu wa kutembea nayo wikiendi. Huyu Aristides ndiye pekee ninayemjua anayelalamika sana na hajawahi kuuliza bei ya kuiuza."

Jumapili ya tatu baada ya safari ile, Aristides amekaa gerejini kwa Eliudi tangu saa kumi na mbili asubuhi. Ngamia amelazwa kwenye stendi, sanduku lililobonyea limegongwa likanyooka kiasi. Amevaa mabuti. Kofia ngumu iko mapajani. Mtungi umejaa mpaka shingoni, na mirija mitatu ya mbegu jike iliyofika wiki iliyopita imo ndani. Lakini kikundi cha akina mama kilisema mara moja zaidi, hakikusema mbili. Leo Shangazi akirudia, kesho wenye bucha watakuja.

Siku moja baada ya mvua ile, Aristides alirudi kwa mzee wa kihamba na jembe, akasawazisha palipochimbwa na magurudumu, ingawa mfongo ulikuwa mzima. Akapanda pia hadi kwa mchungaji wa usharika wa Eunike, ingawa yeye mwenyewe ni Mkatoliki, akaomba jambo ambalo hakuwahi kusikia likiombwa: kwamba kila Jumapili, kabla ya wimbo wa kwanza, itangazwe kuwa mwenye ng'ombe aliyepata joto atoke apige simu, na hakuna atakayemhesabia dhambi. Mchungaji alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaandika kwenye daftari la matangazo.

"Nataka mtungi wa pili," anasema Aristides, bila kuondoa macho kwenye simu iliyo juu ya kreti ya soda. "Mmoja ukae Kirua, juu kabisa, kwenye nyumba ya mtu anayeaminika. Nikiitwa, nipande mtupu. Nisicheze tena kamari na nusu sentimita. Nimeanza kuweka akiba. Mwaka ujao, Mungu akipenda."

"Na tairi?" anauliza Eliudi.

"Usinikumbushe."

Saa moja na dakika tano, simu inalia.

Jina kwenye kioo ni Mama Eunike. Aristides anasimama. Kofia inadondoka, inabingirika mpaka chini ya Ngamia. Eliudi anaacha spana hewani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba." Sauti ni ya chini, kama ya mtu aliye karibu na mgonjwa aliyelala. "Niko bandani tangu alfajiri. Jana jioni nilikuwepo, juzi pia. Zita naye yuko hapa, amelala kwenye majani."

"Sijalala!" inasikika sauti ya pili.

"Shangazi yukoje, mama?"

"Ametulia. Anatafuna tu. Hapigi kelele, hana ute, hana lolote. Ananitazama mimi kama mjinga." Anga la kule juu linasikika kwenye simu, jogoo, mtu anayekata kuni mbali. "Huyu Mkatoliki mwenzako, Zita, tangu wiki iliyopita anachimba msingi wa banda kwake. Nimemwambia angoje, siku tisini hazijafika, hujampima. Hasikii. Nimekupigia nikuambie, usije."

"Nisije, mama?"

"Usije, baba. Hatukuhitaji leo. Na nifanye haraka, kengele ya kwanza imelia, na simu yangu leo naingia nayo."

Simu inakatwa. Aristides anabaki amesimama, mkono bado sikioni. Kisha anainama, anaokota kofia, anaifuta vumbi kwa kiganja, anaiweka juu ya tangi la Ngamia na kuacha mkono wake hapo.

Eliudi amechukua chaki. Amesimama mbele ya ubao, kwenye mstari wenye jina la Aristides, anasubiri.

"Haya bwana. Niandike nini leo?"

Aristides anausogelea ubao ule.

"Andika tairi la nyuma," anasema. "Mengine sina."